Punje ya Kioo Aliyoificha Leeuwenhoek

Shuleni kwetu hadubini ilikuwa moja, na makao yake yalikuwa kabatini. Ilitolewa siku ya mazoezi ya vitendo. Tukapanga foleni, kila mmoja akachungulia ngozi ya kitunguu kwa sekunde chache, kisha ikarudishwa na kufuli likafungwa. Tangu hapo nina kinyongo na kila anayewafichia wenzake chombo cha kuonea. Ndiyo maana Antonie van Leeuwenhoek, ambaye namheshimu mno, kuna jambo moja sijamsamehe.

Alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi, akawa muuza vitambaa. Chuo kikuu hakusoma, Kilatini hakujua. Hadubini yake ilikuwa vibati viwili vya shaba vilivyobana lenzi moja ndogo sana, na kisindano cha kuchomekea kitu unachotaka kukitazama. Unaishika mkononi na kuisogeza karibu kabisa na jicho. Kwa kidude hicho, Oktoba 1676, aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwamba ameona viumbe hai wadogo ajabu ndani ya maji aliyolowekea pilipili manga.

London wakasita kumwamini. Yeye naye, badala ya kueleza lenzi zake zinatengenezwaje, aliwapelekea maandishi ya watu 8 wa kuheshimika, wakiwamo wachungaji, kwamba nao wamechungulia na wameona. Hapo ndipo ninapogombana naye. Mchungaji mwema anaweza kuona vibaya. Mimi nipe njia ya kutengeneza chombo chako, nitazame mwenyewe. Robert Hooke, mwanasayansi wa chama hicho, ilimbidi ahangaike peke yake hadi Novemba 1677 ndipo akawaona viumbe wale.

Wapo wanaosema fundi ana haki na siri ya ufundi wake. Kwa fundi anayekula kwa kazi hiyo ningekubali, lakini Leeuwenhoek hakuwa akiziuza. Wageni aliwaonyesha hadubini za kawaida. Zilizo bora alijiwekea. Kufikia mwaka 1692 Hooke alikuwa akilalamika kwamba hadubini imebaki karibu na mtumiaji mmoja tu duniani, naye ni Leeuwenhoek. Alipofariki mwaka 1723 aliiachia Royal Society hadubini 26 za fedha. Zote zimepotea.

Sasa sikia kilichoniuma zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi waliipiga picha kwa miale ya nyutroni, inayopenya metali, hadubini yake iliyohifadhiwa Utrecht, ile inayokuza mara 270 hivi. Hawakuhitaji kuifungua. Ndani wakakuta kijipunje cha kioo kilichotengenezwa kwa njia ambayo Hooke mwenyewe alikuwa ameichapisha tangu 1665: choma kioo, kivute kiwe uzi, rudisha ncha ya uzi motoni hadi ijikusanye iwe tone. Basi. Hooke aliiacha njia hiyo kwa sababu lenzi hizo zilimchosha macho. Yaani siri iliyolindwa nusu karne ilikuwa imeshaandikwa kitabuni, kila mtu aisome, na mtu aliyeandika hakuambiwa kwamba ndiyo hiyo.

Punje ya namna hiyo ndiyo moyo wa Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja ambayo Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliieleza hadharani mwaka 2014, vipimo na michoro yote, vifaa vyake vikigharimu chini ya dola 1. Kwangu mimi huo ni uvumbuzi mkubwa kuliko mashine nyingi za mamilioni, maana mtoto anaweza kuiunda mwenyewe na kuitia mfukoni.

Nilipoipata yangu niliikunja sebuleni pamoja na mpwa wangu. Tukatia tone la maji yaliyolala kwenye chombo cha maua. Alichungulia, akanyamaza, akachungulia tena. Kisha akanigeukia: "Mjomba, hiki kioo wamekitengenezaje?"

Nikamweleza.