Data zitakaa wapi, na nani atakaa nazo?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko upande wa Afrika Kusini, na Dar es Salaam ikashinda inatazama kiduara kikizunguka kwenye simu. Nilikuwa nyumbani Tabata. Mwanafunzi mmoja wa uzamili niliyekuwa namsaidia kuchambua data zake za malaria alinipigia kwa salio la kawaida, maana WhatsApp ilikuwa imelala. "Shikamoo dokta. BLAST haifunguki." Nikamwambia si BLAST, ni nchi nzima.

BLAST, kwa asiyeijua, ni programu iliyotoka mwaka 1990 na hadi leo mtafiti wa vinasaba hawezi kupita wiki bila kuigusa. Unaipa kipande cha mfuatano wa vinasaba ulichokipata maabara, yenyewe inakitafutia ndugu zake ndani ya kanzidata zenye mifuatano ya dunia nzima. Binti yule alikuwa na kila kitu mezani: majibu ya sampuli zilizochukuliwa Tanzania, kompyuta, hata umeme siku hiyo ulikuwepo. Waliokosekana ni hao ndugu, ambao makazi yao ni kwenye seva za Bethesda, Maryland.

Baada ya siku ile nilianza kuisikia mara kwa mara hoja moja, kwenye semina za Upanga na kwenye chai za Mikocheni: data zetu za afya zikae kwetu. Wa upande wa pili wanajibu kwamba sayansi haina mipaka, tupakie kila kitu na tutumie vya wenzetu bila haya. Nimewahi kukaa kambi zote mbili, na zote mbili nimeondoka nikiwa na manung'uniko.

Nianze na wa milango wazi, kwa sababu deni letu kwao ni kubwa. Kanzidata ya GenBank ilianza mwaka 1982. Leo Marekani, Ulaya na Japani hubadilishana nakala za mifuatano kila siku, na anayekuja kuchota haulizwi ametoka chuo gani. PubMed, inayoorodhesha makala za kitabibu zaidi ya milioni 35, imekuwa bure kwa umma tangu 1997. AlphaFold nayo, programu ya akili bandia inayokadiria maumbo ya protini, tangu Julai 2022 imeweka wazi maumbo yaliyokadiriwa ya protini zaidi ya milioni 200. Zamani kulipata umbo moja kuliweza kula miaka ya shahada nzima, na sasa kijana wa Mbagala analifungua kwa bando la usiku. Hakuna maabara ya mji huu ambayo ingejenga hata robo ya hayo. Kwa uchambuzi kuna programu za R na Galaxy, zote bure, ingawa wengi wetu bado tunang'ang'ania SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, tena ya kukraki iliyopita kwenye flashi za watu kumi, na nimeona kirusi cha flashi ya namna hiyo kikimeza tasnifu ya mtu wiki moja kabla ya kuikabidhi.

Mfano unaonishinda nguvu kila ninapotaka kuipinga kambi hii ni wa Kagera. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba vimelea vya malaria nchini Rwanda vimeanza kubeba badiliko la vinasaba liitwalo R561H, linalohusishwa na vimelea kuchelewa kuisha mwilini mgonjwa anapotumia artemisinin, kiungo kikuu cha dawa mseto. Swali likawa: limeletwa kutoka Asia ya Kusini Mashariki, ambako usugu huo ulianza kuonekana, au limezaliwa huku? Watafiti walilinganisha vimelea vya Rwanda na vile vya Asia ambavyo mifuatano yake ilikuwa tayari imewekwa wazi, wakaona kwamba ni la huku huku. Mwaka 2024 ikachapishwa kazi ya Kagera, ng'ambo tu ya mpaka, na badiliko ni lile lile. Kimelea hakigongewi muhuri pale Rusumo. Nchi ikifungia data zake za vimelea kabatini, inajificha yenyewe habari za jirani.

Lakini nimesema vimelea. Watu ni habari nyingine, na hapa ndipo wa milango wazi wanapoteleza.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa sana ni takriban 11,000 kila mwaka. Muhimbili, tangu 2004, timu iliyoongozwa na Profesa Julie Makani imefuatilia maelfu ya wagonjwa. Mwaka 2014 vinasaba vya baadhi yao vilitumika katika utafiti uliothibitisha kwamba eneo la jeni ya BCL11A lina mkono katika kiasi cha himoglobini ya kitoto kinachobaki kwa mgonjwa, ile inayompunguzia makali ya ugonjwa. Nisiutie chumvi mchango wetu: ugunduzi wa kwanza wa eneo hilo ulitoka Ulaya miaka kadhaa kabla. Hata hivyo, sehemu ya ushahidi kwamba jambo hilo linawahusu Waafrika imetoka kwa watu waliopanga foleni Upanga alfajiri. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, zikaidhinisha Casgevy, tiba inayohariri jeni hiyo hiyo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa shilingi ni zaidi ya bilioni 5, kwa mgonjwa mmoja.

Anayeitazama bei hiyo kisha akasema data zetu zibaki, mimi simwiti mshamba. Ninachomuuliza ni kama kufunga mlango kungeishusha hiyo bei hata kwa shilingi. Isingeshuka. Na kutokuwemo kuna gharama yake: hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 3 tu ya walioshiriki tafiti kubwa za kuhusisha vinasaba na magonjwa. Mwaka 2020 H3Africa, mradi wa utafiti wa vinasaba vya Waafrika, ulipochunguza jenomu (seti nzima ya vinasaba) za watu 426 wa Afrika, zikapatikana tofauti za vinasaba zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kuripotiwa popote. Kipimo kilichotengenezwa bila sisi kitatusoma vibaya sisi.

Kisheria ubishi huu umekwishapata jibu, ingawa wanaobishana hawapendi kulitaja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaruhusu taarifa kwenda nje kwa masharti, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina utaratibu wa mikataba kwa sampuli na data zinazosafirishwa. Kilichobaki ni ridhaa. Mama aliyesaini fomu huku mtoto analia mgongoni na muuguzi anaita jina linalofuata, ameridhia nini hasa? Kupimwa leo, ndiyo. Matumizi ya miaka 20 ijayo, kwenye programu ambazo bado hazijaandikwa, mimi naona haya kumwambia kwamba aliyakubali.

Halafu kuna suala la swichi, yaani nani anaweza kuizima huduma tunayoitegemea. Mwaka 2011 KEGG, kanzidata ya Kijapani ya njia za kikemia ndani ya seli, ilianza kutoza ada kwa wanaotaka kuipakua yote kwa mkupuo. Mwaka 2024 ufadhili mkuu wa Marekani kwa familia ya kanzidata inayobeba PlasmoDB, kanzidata ya vinasaba vya vimelea vya malaria ambayo kila mtu wa malaria anaitegemea, ulifika mwisho, na waendeshaji wakalazimika kugeukia michango ya watumiaji. Februari 2025, USAID, shirika la misaada la Marekani, lilipokuwa likivunjwa, programu ya takwimu za afya ya DHS ilisimama ghafla na maombi mapya ya data hayakujibiwa, hadi baadaye ulipopatikana ufadhili wa muda kutoka Gates Foundation. Fikiria: tafiti za kaya zilizofanyika Tanga na Rukwa, majibu yaliyotolewa na wanawake wa Tanzania, na mtafiti wa Dar aliyezoea kuyaomba Maryland anaambiwa ofisi imefungwa.

Hapo ndipo hoja ya data zibaki inapopiga kifua. Ila nataka tuangalie ni kitu gani hasa kilichoyumba. Mifuatano ya vimelea iliyomo PlasmoDB haikupotea. Nakala zipo GenBank, zipo Hinxton huko Uingereza, zipo Japani. Kilichotikisika ni mishahara ya watu: yule anayesoma makala mpya na kuandika kwamba jeni hii sasa inajulikana kazi yake, yule anayegundua kwamba maabara mbili zimeita kitu kimoja kwa majina mawili. Data ghafi ni ngumu kufa. Kinachokufa haraka ni uangalizi.

Na uangalizi hauna uraia. Nimeona data zetu zikifa zikiwa nyumbani kabisa. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye taasisi moja ya hapa mjini kufufua data za mradi uliokuwa umekwisha. Nilikabidhiwa diski ya nje iliyokuwa kwenye droo pamoja na chaja za simu za Nokia. Ndani yake kulikuwa na faili tano, moja ikiitwa "mwisho", nyingine "mwisho kabisa", na hiyo ya mwisho kabisa ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wachache kuliko zote. Safu moja iliandikwa hb2. Ni himoglobini, hilo halina ubishi, lakini ya pili kwa maana gani? Baada ya kuongezewa damu? Ziara ya pili? Kipimo kilichorudiwa kwa sababu cha kwanza kilikosewa? Aliyejua ni karani wa data, na mkataba wake ulikufa siku mradi ulipokufa. Nilimpata kwa simu, yuko Mwanza anauza vifaa vya ujenzi, akacheka kwa upole na kusema, "Kaka, hiyo nilikuwa nayo kichwani." Data hizo hazikuwahi kuvuka mpaka. Hakuna mzungu aliyezigusa. Na hazina faida kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakidai kwanza lijengwe jumba la seva, nashindwa kusisimka. Mashine zinanunulika, na Kituo cha Taifa cha Data kipo Kijitonyama. Hata kwa kazi nyingi za kila siku hatuhitaji jumba lolote. Jumatatu ile, baada ya intaneti kurudi kwa kusuasua, nilimwonyesha mwanafunzi wangu jinsi ya kupakua BLAST yenyewe na kuiendesha kwenye kompyuta yake. Kanzidata nzima ya mifuatano ya dunia ni mamia ya gigabaiti, hiyo hapana. Lakini jenomu ya kimelea cha malaria kikali, Plasmodium falciparum, ina herufi milioni 23 tu. Inaingia kwenye flashi na nafasi ya filamu za Kihindi inabaki. Wala si siri, ila hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kumfundisha.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Data za vimelea na mbu ziende, na ziende upesi. Data za watu ziende kwa ombi na mkataba, na kwenye mkataba huo, badala ya aya ndefu kuhusu umiliki ambazo hakuna atakayezipeleka mahakamani, iwekwe aya moja fupi: mshirika anayeondoka na nakala analipa mshahara wa mtunza data hapa kwa miaka kadhaa baada ya mradi kufungwa. Najua pingamizi zake. Mfadhili aliyebanwa sana atahamishia mradi Kampala au Kisumu, na hatari hiyo ipo kweli. Na ofisa mipango atauliza kwa nini tuhangaike na mtu wa kompyuta wakati wodi hazina wauguzi wa kutosha, swali ambalo mtu aliyewahi kulaza ndugu yake hawezi kulipuuza. Ndiyo maana sisemi mshahara utoke kwenye fungu la wodi. Utoke kwa anayeandika makala kwa kutumia data hizo.

Mwanafunzi wangu alimaliza mwaka jana. Anafanya kazi benki, Posta, anachambua mikopo ya wateja, na analipwa vizuri kuliko mimi. Data zake za malaria ziko kwenye diski yake, safu 112. Nimemwomba aandike maelezo ya kila safu kabla hajasahau, naye hufanya hivyo Jumamosi akipata nafasi. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa amefika safu ya 40.