Mchicha wa Kilimohai: nani amehakikisha?

Kwenye soko la Jumamosi kule Masaki, Dar es Salaam, fungu la mchicha lenye nembo ya Kilimohai, alama ya Afrika Mashariki ya mazao ya kilimo hai, huuzwa ghali kuliko la Kariakoo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza: nani amehakikisha kwamba halikupigwa dawa?

Nembo hiyo hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkaguzi wa shirika la ithibati, ambaye hufika shambani angalau mara moja kwa mwaka, hupekua daftari na stoo, kisha gharama humwangukia mkulima. Ya pili ni ukaguzi shirikishi: wanakikundi wanakaguana wenyewe. Anayepeleka korosho za kilimo hai kuuzwa Ulaya hana la kuchagua, maana Kanuni 2018/848 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 2022, inadai shirika la ithibati. Lakini mwenye matuta kumi ya matembele pale Bunju akilipia mkaguzi wa aina hiyo, faida imekwisha kabla hajachuma.

Niliwahi kufuatana na kikundi kimoja kwenye kukaguana. Mama mmoja alifungua bomba la kunyunyizia, akanusa, akakunja uso. Mwenye shamba akasema jirani aliliazima kwa ajili ya nyanya zake. Mkaguzi wa mwaka mara moja angelikuta limeoshwa. Hapo kukaguana kulishinda. Tatizo likaja baadaye: walikaa chini ya mwembe karibu saa nzima, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema asimamishwe. Wanazikana, wanachangiana harusi. Jicho la jirani ni kali, mdomo ndio mzito. Mwishowe walimpa onyo, na onyo lenyewe halikuandikwa popote.

Halafu kuna maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, ukakuta madini mazito, risasi ikiwemo. Mkulima wa huko anaweza asiguse dawa maisha yake yote, na mboga zake bado zikawa na walakini. Ukaguzi, wa aina zote mbili, hutazama zaidi namna unavyolima. Si kila fungu linapelekwa maabara. Wauzaji wengi hawalisemi hili, na sidhani ni kwa kusahau.

Kwa mboga za humu jijini mimi niko upande wa kukaguana, ila mezani akae na mtu asiye wa kikundi, mlaji hasa, na maamuzi yaandikwe mahali mnunuzi anaweza kuyaona. Jumamosi iliyopita nilimwomba dada muuzaji nione daftari la shamba. Hakuwa nalo, akanipa namba ya katibu wa kikundi. Nikapiga, nikajitambulisha kuwa ni mteja tu.

“Haya,” akasema, “una malalamiko gani?”