Alivaa Nini? Filamu Ndogo za Tanga na Nguo za Vijana Wetu

Tulikuwa kama watu 40 uani kwa rafiki yangu, mtaa wa Makorora, hapa mjini Tanga. Shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta ya kuazima imekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, watoto wamejipanga mbele kwenye jamvi. Vijana watatu wa mtaani walikuwa wanatuonyesha filamu yao ya kwanza, makala ya dakika 22 waliyoipiga kwa simu, kuhusu fundi cherehani mmoja wa Ngamiani na wateja wake. Dakika ya nne akaingia binti: mtandio kichwani, jinzi iliyochanwa magotini. Amefuata dera la mama yake. Nyuma yangu mama mmoja akasema, wala hakupunguza sauti: "Sasa huyu ndiyo amevaa nini? Mmekosa mtoto wa watu mwenye stara?"

Kijana aliyepiga filamu akageuka. "Shangazi, ndiye aliyekuja siku hiyo."

Ubishi ukaanzia hapo, na filamu ilipoisha wenyewe ukaendelea. Nimeuwaza tangu siku ile, na ni bora niseme mapema niliposimama: nipo na kijana. Makala ikianza kuchagua watu kwa nguo zao, imeshaacha kusema kweli. Lakini shangazi hakuropoka, na vijana waliomcheka pale uani hawakusikia alichokuwa anakiogopa.

Hofu ya kamera ina mizizi mkoani kwetu. Wachache wanajua kwamba mojawapo ya majaribio makubwa ya mwanzo ya filamu Afrika Mashariki lilifanyika Vugiri, kule milimani Korogwe. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha pale mradi wa filamu za kuwaelimisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, wakazizungusha vijijini: kilimo bora, kinga ya magonjwa, faida ya kuweka akiba posta. Waigizaji walikuwa watu wetu. Walioamua nani awe mwerevu na nani awe mjinga walitoka kwingine.

Mtindo ule haukufa na ukoloni. Chukua filamu nyingi za Bongo tulizokua nazo, zile za kukodi kwenye CD na za kibanda umiza. Binti wa wigi na gauni fupi ndiye atakayeiba mume wa mtu. Binti wa kitenge, aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani, ndiye atakayeteswa na kuja kushinda. Kabla hajafungua mdomo umeshamjua kwa nguo, na mwisho wake unaujua. Shangazi ameziangalia filamu hizo kwa zaidi ya miaka 20. Alipoona jinzi iliyochanwa juu ya lile shuka, alikuwa anaisoma lugha aliyofundishwa na filamu zenyewe: huyu ameshahukumiwa. Na kama ni mtoto wa mtaani kwetu, kwa nini tumwanike? Nikilitazama hivyo, naona alikuwa anamtetea yule binti kwa njia yake, japo maneno yalitoka kama lawama.

Hapo ndipo filamu huru, zile zisizotegemea msambazaji wala mfadhili wa sabuni, zinapoweza kufanya kazi ambayo filamu za biashara zimeshindwa. Mfano wa karibu hauhitaji kwenda mbali. Pangani, mwendo wa kama kilomita 50 kutoka mjini, shirika la UZIKWASA lilitoa mwaka 2015 filamu iitwayo Aisha, ya mwanamke anayerudi kwao, akabakwa, na kuanza kutafuta haki. Tangu Vugiri mpaka Pangani ni miaka 80 ndani ya mkoa mmoja. Bado filamu inataka kufundisha, hilo silikatai. Lakini safari hii aliyeshika kamera anaishi na wale anaowafundisha, na aibu inayoonyeshwa ni ya wote.

Naitaja kwa sababu kila mwanamke wa hapa anajua swali la kwanza linaloulizwa likitokea jambo kama lile. Haliulizwi "nani kafanya?" Linaulizwa "alikuwa amevaa nini?" Ndilo swali lilelile la uani Makorora, kwa sauti ya upole zaidi. Ndiyo maana siwezi kukubali hoja kwamba mpiga filamu angemtafuta binti mwenye baibui ili kulinda heshima ya mji. Tukimficha mwenye jinzi, tunakubali kimyakimya kwamba heshima ya mtu imeshonwa kwenye nguo, na anayeivua hatuna deni naye.

Wazee husema: lakini hiyo si jadi yetu. Hoja hii naiheshimu, ila jadi yenyewe ina historia yake. Pwani hii, enzi za utumwa, kaniki ndiyo ilikuwa nguo ya mtumwa. Utumwa ulipokomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki wakavaa kanga za rangi, na baadaye baibui, nguo iliyokuwa ya wenye nafasi. Kwa mabibi wale, kanga ilikuwa njia ya kutangaza kwamba mimi si mali ya mtu. Kilichoonekana siku ile kama kujikweza ndicho leo tunachokiita stara ya asili.

Tena si mara ya kwanza kwa nguo za vijana kuwa vita. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Waliofukuzwa barabarani wakati ule ndio bibi na babu wa leo. Nyumbani kwetu ipo picha ya studio ya bibi yangu: gauni juu ya magoti, nywele afro, mkoba mweupe. Anaipenda sana. Nilipomuuliza kama nikatoke hivyo siku ya Idi, alinitazama kwa muda, akasema, "Ile ilikuwa studio, mwanangu." Jibu lile nimelibeba mpaka leo, maana lina ukweli: bibi alijua tofauti ya kupigwa picha itakayokaa kabatini na kuonwa na mji mzima.

Na hapa shangazi ana nguvu kuliko nilivyotaka kukubali. Kuna jambo la imani kwanza. Tanga ni mji wa madrasa na maulidi. Kwa wengi ushungi ni ibada, na mpiga filamu anayeuona kama kizuizi tu hajawauliza wanaouvaa. Yule binti mwenyewe alikuwa na mtandio na jinzi iliyochanwa kwa pamoja. Amempatanisha mama yake na rafiki zake kwenye mwili mmoja. Macho ya haraka yangemwita mkaidi, na macho mengine ya haraka yangemwita aliyekombolewa. Hakuna hata jicho moja kati ya hayo lililomwona.

Halafu kuna ruhusa. Baada ya filamu niliwauliza vijana wale kama binti alikubali. Wakasema ndiyo, alikubali kupigwa pale dukani. Je, alijua ataonyeshwa kwa watu 40 mtaa wa pili, na kwamba nakala ingeingia kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya asubuhi? Wakatazamana. Katika mji kama wetu, ambapo Ngamiani watu hutajana kwa namba ya barabara na ukitaja nguo mtu anakutajia mwenye nguo, hilo si jambo dogo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, ilitungwa watu wakienda sinema kwa tiketi. Sioni itakavyombana kijana mwenye simu uani. Kwa hiyo kazi inabaki kwake mwenyewe: ampelekee binti ile sehemu, aione, aseme ndiyo au hapana, kabla ya shuka kutundikwa. Hawakufanya hivyo. Walikosea, na niliwaambia.

Hata hivyo sitaki filamu zile zikome, na nina sababu moja ambayo sijaisikia ikitajwa. Filamu ya mfuko mdogo haina mbunifu wa mavazi. Mwigizaji anakuja na nguo yake, au ya kuazima kwa dada. Kwenye makala mtu anaonekana alivyoamka. Bila kukusudia, zimekuwa kabati la kumbukumbu. Mtu akitaka kujua miaka 50 ijayo vijana wa Tanga walivaaje, filamu za sofa na magari ya kukodi zitamdanganya. Za hawa zitamwonyesha mitumba ilivyopunguzwa mikono, dera lililofungwa kiunoni kwa mpira, kanzu ya Ijumaa juu ya raba.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo kamera inatulia mezani kwa fundi. Anageuza suruali ndani nje. Anachukua kipande cha sabuni kilichokonda kama kucha, anachora mstari kutoka gotini kwenda chini, pini tatu kazibana midomoni. Mteja wake, kijana wa miaka 19 hivi, anataka chini ipanuke, ndiyo mtindo wa sasa. Mzee anazitoa pini moja moja.

"Nilipokuwa najifunza kazi, miaka ya sabini, tulikuwa tunachomeka kitambaa cha pembetatu hapa. Bugaluu. Ikaja modo, nikabana. Nikabana mpaka mtu anavaa mfuko wa nailoni mguuni ndio suruali ipite. Leo mjukuu wangu unanirudisha kulekule."

"Kwani babu yangu ulimshonea?"

Mzee anaweka mguu kwenye pedali, anashusha sindano, anasubiri kidogo kabla ya kukanyaga.

"Nilimshonea. Alikuja kuichukua usiku, baba yake asiione."