Kuti Kavu Juu ya Jiwe

Jamani, eti nimekalia kuti kavu! Kaniambia mama mwenye nyumba asubuhi hii, kanga kiunoni, sauti inafika mpaka kwa wauza ndizi kule bondeni. Na ni kakodi tu hako kamechelewa.

Sasa kuti Igogo hii ya Mwanza, mtaa wa mawe matupu, linatoka wapi? Mimi nimekalia jiwe. Choo kiko juu ya jiwe, jiko juu ya jiwe, kuku wenyewe wanataga kwenye jiwe. Na mama huyo ni mtu wa Magu, nazi kaijulia sokoni, imeshushwa kwenye lori la Pwani ikiwa imeshafuliwa.

Msemo ni wa wakwezi huo. Mnazi hauna matawi, kwa hiyo mkwezi akifika kileleni tegemeo lake ni makuti. Kuti bichi limeng'ang'ania shina, linambeba mtu mzima na panga lake. Kavu nalo lipo, linaning'inia kama zima, kumbe huku kwenye shina limeshalegea. Ukiliwekea makalio tu, mnashuka wote. Haya, mkwezi walau anaanguka karibu na nazi. Mimi naanguka karibu na nini?

Jirani naye kaja na huruma zake: "Pole kaka, naona maji yamekufika shingoni." Shingoni! Ziwa Victoria lote lile, kilometa za mraba zaidi ya 68,000, naliona nikiwa mlangoni kwangu, na bomba linakohoa hewa. Yangenifika hata kwenye vifundo vya miguu, ningefua.

Shida ya huku inaitwa mbalamwezi, waulize wavuvi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa zinawashwa ziwani, dagaa wanazifuata, wanakusanywa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima limeshawaka, nani ataifuata taa yako? Mitumbwi inapumzika. Na ikipumzika mitumbwi, anapumzika anayeanika, anapumzika mama ntilie, napumzika mimi mbeba magunia. Tumbo tu ndilo halipumziki.

Nikamwendea mama kwa adabu zote. Shikamoo mama, mimi sijakalia kuti lolote, nimekaliwa na mwezi.

"Mmoja?" akasema. "Mimi nakudai miwili."