The Longest Day: Filamu Inayoijua Ramani Kuliko Kifo

Tarehe 6 Juni 1944 askari wapatao 156,000 wa Mataifa Washirika, yaani Marekani, Uingereza, Kanada na wenzao, walitua Normandy, kaskazini mwa Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani wa Hitler, wengi kwa meli na wengine zaidi ya 20,000 kwa miamvuli na kwa ndege zisizo na injini. Mwaka 1962 mtayarishaji Darryl F. Zanuck aliitoa The Longest Day, filamu ya takriban saa tatu iliyotokana na kitabu cha mwandishi wa habari Cornelius Ryan, akijaribu kuisimulia siku hiyo nzima kutoka pande zote zilizopigana. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo filamu ya vita iliyoiheshimu historia kuliko zote, na wapo wanaosema ni gwaride la nyota wa sinema waliovishwa magwanda. Mimi naipenda filamu hii, na kwa sababu hiyo naona inastahili kupimwa kwa ukali zaidi kuliko inavyopimwa na mashabiki wake.

Sifa yake kubwa ni lugha. Wajerumani wanazungumza Kijerumani na Wafaransa wanazungumza Kifaransa, huku tafsiri ikiandikwa chini ya picha, wakati ambapo filamu nyingi za vita zilimfanya adui azungumze Kiingereza chenye lafudhi nzito. Zanuck aligawa kazi kati ya waongozaji watatu: Bernhard Wicki alishika sehemu za Wajerumani, Ken Annakin za Waingereza na Wafaransa, na Andrew Marton za Wamarekani. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji anauona uvamizi kama ulivyokuwa kwa waliohusika, yaani mkanganyiko wa watu wasiojua kinachoendelea upande wa pili wa kilima. Rommel, jemadari wa Ujerumani aliyesimamia ulinzi wa pwani ile, yuko nyumbani kwa sababu ni siku ya kuzaliwa kwa mkewe. Askari wa miamvuli wanaangukia mabwawa na paa za nyumba. Vifaru vya akiba vya Wajerumani vinabaki mahali pake kwa kuwa Hitler amelala na hakuna anayethubutu kumwamsha. Vifaru hivyo viliruhusiwa kuondoka alasiri, saa nyingi baada ya nafasi ya kuwatosa wavamizi baharini kupotea.

Hata hivyo, usawa huo una gharama yake. Wajerumani tunaowaona ni maofisa wenye adabu na weledi, waliokwamishwa na mkuu wao kichaa, na hivyo ndivyo majenerali wengi wa Ujerumani walivyojieleza baada ya vita. Ikumbukwe kwamba kufikia mwaka 1962 Ujerumani Magharibi ilikuwa imekwisha kuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kwa miaka saba, yaani mshirika wa waliokuwa maadui zake. Sisemi kwamba filamu ilitumwa na wanasiasa. Ninachosema ni kwamba kumpa adui sauti yake ni jambo jema, na kuyakubali maelezo yake bila kuyahoji ni jambo jingine kabisa.

Lawama kuhusu nyota naiona nyepesi. Ni kweli kwamba John Wayne, akiwa na miaka zaidi ya hamsini, aliigiza nafasi ya Luteni Kanali Benjamin Vandervoort, ambaye siku ile alikuwa na miaka 27. Lakini katika simulizi lenye makumi ya wahusika wanaotokea kwa dakika chache kisha kupotea, sura inayojulikana humsaidia mtazamaji asipotee njia. Tena miongoni mwa waigizaji hao yumo Richard Todd, anayeigiza nafasi ya Meja John Howard aliyeliteka daraja la Bénouville; Todd mwenyewe aliruka kwa mwamvuli usiku uleule, katika kikosi kilichokwenda kumwongezea Howard nguvu.

Pale ninapoona filamu imekosea kweli ni Pointe du Hoc, rasi yenye mwamba kwenye pwani ile. Askari wa Marekani wapatao 225 walitumwa kupanda mwamba wenye urefu wa mita 30 hivi, kwa kamba na ngazi, huku wakimiminiwa risasi, ili wakaiharibu mizinga iliyoweza kuzifikia Omaha na Utah, majina ya siri ya fukwe mbili walizotua Wamarekani. Katika filamu wanafika juu, wanakuta maboma hayana mizinga, na sehemu hiyo inafungwa kwa askari anayesikitika kwamba wamekuja bure. Kwa hakika mizinga ilikuwa imehamishiwa ndani na kufichwa, na asubuhi ileile wachache wao waliikuta na kuiharibu kwa mabomu ya mkono yanayoyeyusha chuma. Mtetezi atasema filamu ilitaka kuonyesha upuuzi wa vita, na hoja hiyo haikosi nguvu. Lakini upuuzi huo umejengwa juu ya watu wa kweli, ambao baada ya siku mbili takriban 90 tu ndio waliobaki na uwezo wa kupigana, na kuwaambia kwamba walikufa kwa ajili ya maboma matupu ni kuwanyang'anya kazi waliyoikamilisha.

Omaha nako kunarahisishwa. Ukuta wa zege unalipuliwa, kisha askari wanamiminika kupanda mlima, ilhali njia ilifunguliwa kwanza na makundi madogo yaliyokwea miteremko katikati ya ngome. Waathirika wa ufuo huo, wafu, majeruhi na waliopotea, walizidi 2,000, lakini kwenye skrini watu huanguka bila damu. Sinema ya wakati ule ilikuwa na mipaka yake, hilo nalikubali. Mipaka hiyo haielezi, hata hivyo, kwa nini askari weusi wa kikosi cha 320 cha Marekani, waliotua na maputo ya kuzuia ndege za adui, hawamo. Wala kwa nini Wakanada wapatao 14,000 waliotua kwenye ufuo wa Juno hawakupewa nafasi yao. Wala kwa nini raia wa Ufaransa, waliokufa kwa maelfu chini ya mabomu ya wakombozi wao, wanatokea zaidi kama watu wa kushangilia.

Lakini karibu na mwisho kuna sehemu fupi ambayo inafanya kile ambacho saa tatu hazikufanya. Rubani wa Uingereza, anayeigizwa na Richard Burton, ameketi akiwa na jeraha baya la mguu kando ya maiti ya Mjerumani aliyevaa viatu vyake kinyume, cha kulia mguu wa kushoto. Askari kijana wa Kimarekani aliyepotea tangu usiku anaketi naye. Hakuna ramani hapo, wala jenerali, wala muziki wa ushindi. Mmoja amekufa, mmoja ni kilema, mmoja amepotea, na kijana yule anauliza ni nani aliyeshinda.