Doti ya Mwalimu

Simu kulia saa kumi na moja alfajiri, mimi nikajua msiba. Kumbe kundi la wazazi wa darasa la tatu: "Wazazi wapendwa, tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Mchango 5,000 kila mzazi. TUMA NA YA KUTOLEA."

Tuko wazazi 41. Waliotuma ni 9. Waliobaki wameandika "ahadi", utadhani mwalimu anaolewa. Mmoja akapendekeza bahasha, akaulizwa kama anataka tukalale wote TAKUKURU. Mwingine akasema jagi. Mwalimu ana majagi ya kufungulia hoteli!

Ikapita kanga. Na kwa kuwa mimi "nashinda mjini", nikatumwa Kariakoo, mwanamume mzima, mweka hazina mstaafu wa kamati mbili za harusi.

"Shikamoo mama. Naomba doti moja, ya mwalimu."

"Marahaba baba. Jina gani?"

"Madamu Rehema."

Duka zima likaangua kicheko. Kumbe jina la kanga.

Akatandaza ya kwanza: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Mama, huyu ana mwalimu mkuu! Ya pili: "Japo sipati tamaa sikati." Nikaukumbuka mshahara wake, nikaikunja mwenyewe. Ya tatu: "Adui mpende." Hiyo nikaipiga picha, nikatuma kundini.

Wenye ahadi wakafufuka wote. "Adui nani hapo, sisi au watoto?" Baba Doreen, ambaye hata mia hajatoa, akasema kijani na njano ni siasa. Mwingine akasema hapana, hiyo ni Yanga. Nikapiga picha nyekundu na nyeupe, nikaulizwa Msimbazi wamenilipa shilingi ngapi.

"Baba," mama akaniambia, "mkutano wa kijiji kaufanyie nje, wenye hela wapite."

Nikachukua "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." Mama Brayan: "Mbona kama ya msibani?" Nikazima simu. Jamani, nimechoka! Nauli yangu, jua langu, na katika wale 9 walioikumbuka ya kutolea ni wawili.

Nafika nyumbani, mtoto: "Baba, penseli imeisha." Jumatatu nimenunua tatu, leo Jumatano. Mnazipikia? Sisi penseli moja tuliikata kwa wembe, kaka yangu akachukua upande wenye kifutio, na suala hilo hatujalimaliza mpaka leo.