Mguu, mguu, kofi: ule si wimbo wa Freddie

Jumamosi iliyopita nilikuwa Shangani, Zanzibar, na wageni wawili wa dada yangu, watu waliovuka bahari kwa shabaha moja tu: kupiga picha mbele ya ile nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Haya, twendeni. Mtembezaji wetu, kijana mwenye kofia ya viua na Kiingereza cha kuteleza, akasimama katikati ya uchochoro, akakanyaga chini mara mbili, akapiga kofi moja. Mguu, mguu, kofi. Wageni wakamfuata. Watoto waliokuwa wanatoka chuoni wakafuata. Muuza viungo akaacha kupanga karafuu zake naye akaingia. Raha tupu, nakiri. Kisha kijana akanyoosha mkono ukutani na kutangaza kwamba wimbo ule, pamoja na nyimbo zote za Queen, alizitunga mtoto wa hapahapa.

Nikaguna. Dada akanikanyaga mguu, maana ananijua.

We Will Rock You ni wa Brian May, mpiga solo. 1977. Freddie aliuimba, na aliuimba kama mtu anayewadai watu wote duniani, lakini hakuutunga. Wake ni ule uliokuwa upande wa kwanza wa santuri ileile, We Are the Champions. Santuri moja, nyimbo mbili, watunzi wawili. Na ukinielewa hapo umeielewa Queen nzima, pamoja na magomvi yake.

Kijana namsamehe, anatafuta riziki. Hasira zangu zimeanza kulimbikizwa tangu 2018, ilipotoka ile filamu ya Bohemian Rhapsody inayohusu maisha yake. Mle ndani Freddie anatia saini mkataba wa kurekodi peke yake, wenzake wananuna, bendi inasambaratika, halafu anarudi kichwa chini kuomba radhi, ndipo wanapanda jukwaa la Live Aid, lile tamasha kubwa la kuchangisha fedha za wenye njaa. Inaliza kweli. Ila Roger Taylor, mpiga drams, alikuwa ameshatoa santuri yake binafsi mwaka 1981. May akatoa yake 1983. Freddie alikuja wa tatu, 1985, na hakuna aliyemvunjia mtu sahani. Halafu Live Aid ilikuwa Julai 13, 1985, na mwezi Mei mwaka huohuo Queen walikuwa Japani wakimalizia ziara. Bendi gani hiyo iliyosambaratika lakini inajaza kumbi Japani? Na waliosimamia muziki wa filamu hiyo ni haohao May na Taylor! Marehemu kabebeshwa lawama na wenzake wakiwa wamekaa pembeni na vipaza sauti. Mimi nilitoka ukumbini nimekasirika mpaka nikasahau mwavuli.

Ugomvi wa kweli wangeweza kuuonyesha, tena ulikuwa mtamu kuliko huo wa kubuni. Mwaka 1975 wanatoa wimbo wenyewe wa Bohemian Rhapsody, uliotungwa na Freddie. Upande wa pili wa santuri wakaweka wimbo wa Taylor, I'm in Love with My Car, wa mtu anayelipenda gari lake kuliko mpenzi wake. Inasimuliwa kwamba Taylor alijifungia kabatini mpaka wakubali. Bohemian ikakaa wiki 9 kileleni Uingereza. Sasa piga hesabu: anayenunua santuri ananunua pande zote mbili, na mrabaha wa mtunzi ulihesabiwa sawa kwa sawa. Kwa hiyo kila aliyeingia dukani kutafuta ule muujiza wa Freddie alikuwa anamlipa Taylor kiasi kilekile kwa sababu ya gari. May amelieleza hili mara kadhaa katika mahojiano, na ukimsikiliza unaona kidonda kilichukua miaka kupona.

Msicheke. Mimi niliwahi kupiga kinanda kwenye bendi ya harusi. Tulikuwa watano na tulivunjika kwa sababu ya nauli. Mwimbaji alikodiwa teksi, sisi tukapanda daladala na spika mapajani. Aliyetuajiri hakuona tatizo, na mwimbaji naye hakuona. Mpiga besi aliona, akashuka Magomeni na waya zote za spika. Tukafika ukumbini bila sauti.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema Queen ni Freddie na wapigaji wake, damu inachemka. Mpiga besi wao, John Deacon, aliingia 1971, baada ya wengine watatu kujaribiwa na kuondoka. Kijana mpole, amesomea elektroniki. Siku moja anapita barabarani London anaona kibao cha saketi kimetupwa kwenye pipa la taka za ujenzi. Akakiokota, akaenda nacho nyumbani, akakiunganisha na spika ndogo ya kwenye rafu, akawasha kwa betri. Kikawa amplifaya. May akachomeka gitaa lake humo, na gitaa lenyewe alikuwa amelichonga na baba yake kuanzia 1963, kwa mbao za meko kuukuu, springi za valvu za pikipiki na vifungo vya kushonea vya mama yake. Sikiliza Good Company ya 1975, ile sehemu inayosikika kama tarumbeta na klarineti za bendi ya jazi. Hakuna tarumbeta pale. Ni vifungo vya mama na taka ya barabarani.

Huyohuyo Deacon ndiye aliyetunga Another One Bites the Dust. Taylor hakuupenda, lakini ili kupata ule mdundo mkavu alijaza mablanketi ndani ya drams. Michael Jackson akawaambia utoeni huu. Wakautoa 1980, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. I Want to Break Free? Deacon. Radio Ga Ga, ule ambao watu wote wa uwanja wa Wembley, siku ya Live Aid, walipiga makofi kwa pamoja? Taylor.

Haya, na mimi niwe mkweli: mtoe Freddie, ubaki na watatu wenye vipaji ambao hakuna angewajua nje ya mtaa wao. Wamejaribu waimbaji wengine tangu afariki 1991, na wengine ni wazuri, lakini hakuna anayeenda pale kumsahau yeye. Nimekubali. Tusonge.

Dawa waliipata 1989, walipotoa The Miracle: kila wimbo ukaandikwa umetungwa na Queen, basi, hakuna cha nani kaleta nini. Miaka 14 baada ya lile kabati! Wengine hawakufika hata hapo. Creedence, bendi ya Marekani, walikuwa na John Fogerty anayetunga karibu kila kitu; kaka yake Tom akachoka, akaondoka 1971; waliobaki wakagawana utunzi kwenye santuri ya 1972 na bendi ikafa mwaka huohuo. Pink Floyd, bendi ya Uingereza, walimfukuza mpiga kinanda wao, Rick Wright, wakiwa katikati ya kurekodi santuri ya The Wall, kisha wakamrudisha kama kibarua wa mshahara kwenye maonyesho. Maonyesho yakala hasara. Wenye bendi wakaipata wao, kibarua akaondoka na hela yake. Hii nikiwa na huzuni huwa najikumbusha nacheka.

Turudi Shangani. Dada alikuwa ameshaninong'oneza ninyamaze, kwa hiyo nilisubiri wageni waingie ndani kukata tiketi, nikamvuta kijana pembeni na kummwagia yote haya, pamoja na lile pipa la taka. Alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma.

"Sasa kaka, huyo John yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai. Aliacha muziki 1997, hapandi jukwaani, hatoi mahojiano, hata 2001 walipotunukiwa heshima kubwa Marekani hakwenda. Ila mambo ya fedha ya bendi, May mwenyewe amesema, bado yanapitia kwake.

Kijana akavua kofia, akajikuna, akatazama ile picha kubwa ya Freddie mlangoni.

"Hatafutwi na mtu, hasumbuliwi, na hela inaingia?" Akairudisha kofia kichwani. "Mbona huyu ndiye nilitakiwa niwe namhadithia siku zote?"